Pengo Katikati ya Ukuta

Eliseo Cantú hakuwa akiutazama mpira. Watu wote wa Los Sauces waliojazana jukwaani Ijumaa ile kwa mechi ya mpira wa Kimarekani waliufuata kwa macho, ukitoka mkono huu kwenda mkono ule, lakini yeye macho yake yalikuwa yameganda kwa wale vijana watano wa mbele, wale wanaoinama bega kwa bega ili mrushaji aliye nyuma yao apate nafasi ya kuvuta pumzi, kutazama na kurusha. Hao ndio ukuta. Ukuta ukisimama, timu ina mchezo. Ukuta ukivuja, hata uwe na mrushaji hodari namna gani, jioni ataimaliza akiwa amelala chali.

Na ukuta wa Halcones, timu ya shule ya mji ule, mwaka ule ulikuwa unavuja vibaya. Pale katikati alisimama Toñito, kijana mwembamba ambaye msimu uliopita alikuwa mkimbiaji wa mbio ndefu, na aliyewekwa pale kwa sababu hakukuwa na mwingine. Vijana wa timu pinzani, waliotoka miji ya kaskazini yenye shule kubwa, walimsukuma kama mlango usio na komeo. Wakishampita, aliyekuwa anawangoja nyuma ni Damián, mtoto wa dada yake Eliseo.

Damián alipigwa chini, akanyanyuka. Akapigwa tena, akanyanyuka polepole zaidi, mkono mmoja ukiwa umeshika ubavu.

Safu ya mbele yake alikaa Baldemar, mwenye karakana ya matairi, mtu wa maneno. Akageuka, mfuko wa bisi mkononi, akamwonyesha kwa kidevu upande wa bendi ya shule.

"Eliseo, yule pale si wako?"

Hakukuwa na haja ya kuuliza. Abel, mwanawe, alikuwa anaonekana kutoka kila pembe ya uwanja. Alimpita mwalimu wa bendi kwa kichwa kizima, mabega yake yalijaa ndani ya koti lenye vifungo vya shaba, na lile tarumbeta kubwa kuliko yote lililomzunguka kiunoni na begani lilionekana kama kitu cha kuchezea watoto.

"Ni wangu," alisema Eliseo.

"Mtu mzima kabisa. Na anapuliza vizuri, siwezi kusema uongo." Baldemar akatafuna bisi kidogo. "Wapinzani wanaogopa sana nyimbo zake."

Watu wa karibu walicheka, si kwa ubaya mkubwa, kile kicheko cha watu wanaofahamiana tangu utotoni. Eliseo naye akajaribu kucheka. Pale uwanjani ukuta ulivuja tena, na safari hii Damián alikaa chini muda mrefu kiasi kwamba jukwaa zima likanyamaza.

*

Jumapili baada ya misa, ilikuwa desturi familia kukusanyika nyumbani kwa Eliseo kula nyama ya kichwa cha ng'ombe iliyopikwa usiku kucha, na chapati za mahindi ambazo Imelda, dada yake mkubwa, alizileta zikiwa moto ndani ya kitambaa. Siku ile Imelda aliziweka mezani bila kusalimia. Akamwita mwanawe, akamgeuza, akampandisha fulana mbele ya watu wote.

Ubavu wa Damián ulikuwa na alama ya rangi ya bilinganya, kutoka kwapani hadi kiunoni. Kijana aliona haya, akajaribu kuishusha fulana, mama yake akamzuia.

"Mwache wifi yangu aone," alisema Imelda. "Kila wiki ananiona kanisani, hajaona hii."

Nohemí, mke wa Eliseo, alikuwa anakata kitunguu. Aliweka kisu chini, akasogea, akaiangalia ile alama kwa makini kama alivyozoea kuangalia migongo ya wazee aliokuwa anawatunza kazini. Akauliza kama akipumua inauma. Damián akasema kidogo. Nohemí akasema apelekwe akapigwe picha, mfupa unaweza kuwa umepasuka. Imelda akajibu kwamba picha ilishapigwa, mfupa ni mzima, ila utakuwa mzima mpaka lini. Kocha wa chuo kimoja cha San Antonio, anayetafuta wachezaji, aliahidi kuja kumtazama mtoto wake kabla msimu haujaisha. Atakuja kutazama nini, mtoto anayelala chini?

"Wifi, mimi sijui kuzunguka," alisema. "Katikati pale kuna pengo, na wa kuliziba amekaa hapa anakula mahindi."

Abel aliacha kutafuna. Eliseo akatazama sahani yake.

"Abel alianguka mazoezini Agosti," alisema Nohemí. "Hukuwepo. Mimi ndiye niliyeitwa. Nilimkuta amelazwa kwenye kivuli cha basi, namwita jina lake ananijibu kwa jina la mbwa wetu."

"Ni joto la Agosti. Vijana wangapi wanaanguka Agosti?"

"Na Rubén?"

Wote walijua habari za Rubén, kaka yake Nohemí, lakini yeye mwenyewe hakuwa mtu wa kuzisema. Siku ile alizisema, amesimama, mikono ikinuka kitunguu. Walikuwa shambani wanang'oa vitunguu, yeye bado msichana mdogo, Rubén akiwa na umri kama wa Abel sasa na mwili kama wa Abel. Jua lilipokuwa kali, Rubén alianza kusema maneno yasiyoeleweka. Msimamizi akasema wamalizie mstari ule mmoja tu, kisha wapumzike. Mstari ulikuwa haujafika mwisho Rubén alipoanguka, na hakuinuka.

"Kwa hiyo usiniambie kuhusu joto, wifi. Ukuta ni wa timu. Mtoto ni wangu."

Imelda alizikunja chapati zake katika kitambaa, taratibu, akazitia kwapani. Alipofika mlangoni alisema hata yeye wa kwake ni mtoto. Damián akamfuata, akiwa ameinamisha kichwa, na waliobaki wakala nyama ile bila chapati.

*

Eliseo alikuwa fundi wa pampu za mifereji ya umwagiliaji. Kazi ile ilimweka peke yake sehemu kubwa ya siku, kando ya maji ya matope katikati ya mashamba ya michungwa, na mtu akiwa peke yake na wasiwasi wake, wasiwasi hunenepa. Alifungua boliti na kuona Toñito akisukumwa. Alipaka grisi na kuona Damián akigeuka amechelewa. Tangu yeye mwenyewe akiwa kijana, timu za bonde lao la kusini zilikuwa zikifungwa kwa sababu ileile: vijana wao walikuwa wepesi, walikuwa na akili, walikuwa na mioyo, lakini walikuwa wadogo. Yeye mwenyewe alicheza pale katikati akiwa mwembamba kuliko Toñito, na bega lake la kulia liliumia hata mkono mpaka leo haupandi juu ya kichwa. Na Mungu, baada ya miaka yote ile, alimpa mtoto mkubwa kama ghala, akampa na mapafu ya kupulizia tarumbeta.

Kocha Longoria alimfuata hukohuko mferejini. Aliegesha gari lake mbali, akaja kwa miguu, akasifu pampu, akauliza habari za maji. Halafu akasema kwamba hali ya hewa inaanza kuwa nzuri, kwamba Abel angepumzishwa kila baada ya muda, kwamba siku hizi wana tabibu wa timu, msichana aliyesomea mambo hayo, na beseni kubwa la barafu liko kando ya uwanja saa zote. Hakuwa mtu mbaya. Alizungumza kama mtu ambaye naye halali vizuri.

"Sikulazimishi, Don Eliseo," alimaliza. "Lakini ile mechi na San Jacinto, kama katikati ni Toñito, sijui nitamwambia nini dada yako."

Jioni ile Nohemí alikuwa zamu kwenye nyumba ya wazee. Eliseo akamchukua Abel mazoezini kwenye bendi, na badala ya kwenda nyumbani akapita njia ya mferejini, akasimamisha gari, akazima injini. Alikuwa amepanga maneno. Alisema kuhusu Damián, jinsi walivyolala kitanda kimoja walipokuwa wadogo, jinsi Damián alivyompigania Abel shuleni watoto walipokuwa wakimcheka unene. Alisema hamlazimishi.

Abel alikuwa ameshika kofia ya bendi magotini.

"Mama anajua tunazungumza haya?"

"Mama niachie mimi."

"Nikikubali," Abel alisema, "utaacha kunitazama vile?"

"Vile vipi?"

"Vile unavyonitazama nikiwa na bendi. Kama mtu aliyesahau kitu basini."

Eliseo alitaka kukana. Alifungua mdomo, lakini kilichomtoka ni swali. Alimuuliza kama anaweza kuanza mazoezi kesho. Abel akasema anaweza. Njiani kurudi walinunua barafu ya sharubati, wakala ndani ya gari, na Eliseo alijisikia mwepesi kuliko alivyojisikia tangu msimu uanze. Hakumwambia Nohemí neno siku ile, wala siku iliyofuata, na kadiri siku zilivyopita ndivyo ilivyozidi kuwa vigumu kuanza.

*

Nohemí alipata habari kwa njia ya pongezi. Mwanamke mmoja alikuja kumtembelea mama yake kwenye nyumba ya wazee, akamkuta Nohemí anabadilisha shuka, akamshika mikono yote miwili. Alisema mji mzima umefurahi, kwamba mume wake amemwona Abel mazoezini na hakuna anayempita, kwamba kweli ni sadaka kubwa mama kumtoa mtoto wake. Nohemí akasema ahsante. Akamalizia kutandika kitanda, akakunja kona za shuka inavyotakiwa, akaenda kusimama kwenye stoo ya sabuni mpaka uso wake ulipokuwa tayari kuonekana na watu.

Nyumbani alianza na Abel. Alimuuliza kama amelazimishwa. Abel akasema hapana, anataka mwenyewe. Alimuuliza mara ya pili, akajibu vilevile, akimtazama machoni, na Nohemí akaona kwamba mtoto amejifunza kumdanganya ili kumkinga baba yake.

Eliseo alikuwa nje ananawa grisi kwenye bomba.

"Ungeniambia kesho?" Nohemí alimuuliza. "Au ungeniambia Jumamosi?"

"Nilikuwa natafuta wakati mzuri."

"Wiki mbili nafua soksi zenye majani, nadhani bendi wamebadilisha uwanja wa mazoezi. Mimi ndiye mjinga wa mji mzima."

Eliseo akasema joto limepungua. Akasema kuna tabibu, kuna barafu. Akasema Abel amebadilika, anacheka, vijana wenzake wanampigia simu, jambo ambalo halijawahi kutokea, na hilo lilikuwa kweli. Nohemí alisikiliza yote. Alijua kwamba akienda kwa kocha kesho yake na kumvuta mtoto kwa mkono, Abel atatii, na hatamsamehe. Alijua pia kwamba Eliseo analijua hilo, na kwamba kimya cha wiki mbili kilikuwa kinasubiri mambo yafike hapo.

"Ijumaa nimeomba ruhusa kazini," alisema. "Nitakaa karibu na uzio. Na wewe utakaa na mimi."

*

Ijumaa ile jua lilizama likiacha joto lake lote chini. Upepo haukuwepo. Mabango ya karatasi yaliyofungwa kwenye uzio hayakutikisika, na watu jukwaani walijipepea kwa kofia. Imelda alikaa safu tatu juu yao. Aliposhuka kununua maji alisimama mbele ya Nohemí, akaonekana kutaka kusema kitu, mwishowe akampa chupa moja kati ya mbili alizonunua, akapanda. Nohemí akaipokea, akaiweka miguuni bila kuifungua.

San Jacinto walikuja na vijana waliojaa mlango wa basi. Walipojipanga mbele ya ukuta wa Halcones, Eliseo alishika ubao wa benchi kwa mikono miwili. Mpira ukatoka. Yule mkubwa wa San Jacinto akajirusha katikati, pale pale alipozoea kupita kila mtu mwaka ule, akagota. Abel hakufanya chochote cha ajabu. Alisimama tu, akafungua mikono, akampokea mtu yule kama anavyopokea gunia kutoka garini, akamweka pembeni. Nyuma yake Damián alikuwa amesimama wima, hana haraka, akatazama kushoto, akatazama kulia, akarusha.

Jukwaa lililipuka. Baldemar aligeuka, safari hii bila mzaha, akampa Eliseo mkono. Wengine wakafuata. Mzee mmoja ambaye Eliseo hakujua hata kama anamfahamu alimpiga mgongoni, akasema sasa tuna timu.

Ndipo lilipotokea jambo ambalo Eliseo mwenyewe hakuligundua. Ukuta ulisimama robo ya kwanza, ukasimama ya pili, na wasiwasi ule aliokuja nao kila Ijumaa kwa miaka na miaka ukamtoka. Hakukuwa tena na sababu ya kuwatazama wale watano. Macho yake yaliinuka, yakaanza kuufuata mpira kama macho ya watu wengine. Aliuona ukipaa chini ya taa, aliuona ukishuka mikononi mwa mkimbiaji, na akashangaa jinsi mchezo huu ulivyo mzuri. Alipiga kelele mpaka sauti ikakauka.

Nohemí hakuuona mpira hata mara moja. Aliona mtoto wake akipewa maji na kuyamwaga kichwani badala ya kuyanywa. Alimwona akipumzishwa kidogo, akirudishwa haraka kwa sababu Toñito alipoingia tu Damián alikuwa amepigwa chini. Robo ya mwisho ilipoanza alimwona akitembea kurudi kwenye nafasi yake kwa hatua pana, za mtu anayetembea ndani ya maji.

"Eliseo," alisema. "Mtazame."

"Wamebakiza yadi chache tu," alisema Eliseo.

"Anayumba. Mtazame mtoto."

Eliseo alimtazama. Alimwona Abel akiinama, akaweka mkono chini, akautoa, akauweka tena. Aliona, na hilo hakulikana baadaye kwa mtu yeyote. Halcones walikuwa nyuma kwa pointi tatu, saa ilikuwa inakaribia mwisho, na mstari wa kufungia ulikuwa hapo mbele, karibu kiasi cha kuugusa.

"Subiri," alisema. "Mpira huu mmoja tu, halafu atatoka."

Mpira ukatoka. Abel akasimama, akamzuia mtu wake kwa nusu ya mwili, na Damián akasogea yadi mbili. Watu wakasimama wote. Nohemí hakusema tena. Alikuwa ameshainuka, anapita mbele ya magoti ya watu kuelekea kwenye lango la uzio, na watu wakimwambia akae, anawazuia kuona.

Wachezaji walijipanga tena, na Abel akaja akainama kwenye mstari akiwa amewapa wapinzani mgongo. Alikuwa anamtazama Damián uso kwa uso, kama mtu aliyeingia nyumba isiyo yake. Wachache walicheka. Eliseo hakusikia kicheko. Aliruka uzio kwa bega lile bovu, akaanguka upande wa pili, akainuka, akakimbia kwenye majani ambayo mtazamaji haruhusiwi kuyakanyaga. Filimbi zilipulizwa. Kibendera cha njano kilirushwa, adhabu ya kuirudisha timu nyuma, na nyuma yake alisikia mji wake ukipiga yowe la hasira.

Damián alikuwa amefika kabla yake. Aliuacha mpira chini, akamkumbatia Abel kiunoni kumzuia asianguke, akawa anampigia kelele refa asimamishe saa.

"Mjomba, amekauka," alisema. "Mshike, ngozi imekauka kabisa, haina jasho. Nimemwambia tujipange, ananiuliza tuko wapi."

Walimburuta. Kocha alikuja, akashika miguu. Yule msichana tabibu hakuuliza kitu, aliwaambia wamtumbukize kwenye beseni la barafu vilevile, na viatu na vazi la mabegani, akalikata vazi kwa mkasi akiwa ndani ya maji. Abel alianza kupigana nao, akitupa mikono, akisema maneno yasiyo na mwanzo wala mwisho. Nohemí alikuwa ameshapita langoni. Alipiga magoti kwenye tope la kando ya beseni, akamshika kichwa kisizame, akawa anamwita jina lake. Alimwita mpaka gari la wagonjwa lilipofika, na hakupata jibu linaloeleweka.

Mechi iliendelea. Toñito aliingia katikati, na wale wa San Jacinto wakapita. Halcones walipoteza.

*

Hospitalini waliambiwa wangoje. Daktari alitoka mara ya kwanza akasema lile beseni limemwokoa, lakini figo zimeumia, na hawezi kusema zaidi mpaka aone zinavyofanya kazi. Imelda na Damián walikuwa wamefika, Damián bado na jezi. Imelda alikaa karibu na Nohemí bila kumgusa. Aliwahi kusema neno moja tu, "wifi", halafu akashindwa kuendelea, na Nohemí akatikisa kichwa kumwambia si sasa.

Kulipokucha daktari alitoka tena. Joto la mwili limeshuka, mkojo umeanza kutoka, kijana ataishi. Atakaa kitandani kwa muda, atapimwa figo kwa muda mrefu zaidi, na mtu yeyote asithubutu kumrudisha kwenye uwanja wa joto. Imelda alilia hapo, kwa sauti, kama vile yeye ndiye mama. Kisha akamchukua mwanawe wakaondoka kwenda kumtafutia Nohemí nguo kavu, kwa maana zile alizovaa zilikuwa na tope mpaka kiunoni.

Mume na mke wakabaki peke yao kwenye viti vya plastiki.

"Uliniambia subiri," alisema Nohemí. Hakupandisha sauti. "Nataka kujua ulikuwa unasubiri nini."

Eliseo alikuwa na majibu kadhaa. Angeweza kusema hakuona vizuri. Angeweza kusema alidhani ni uchovu, na kwamba mwishowe ni yeye aliyeruka uzio. Bega lilikuwa linamwuma kiasi cha kutoweza kuinua mkono, na kwa muda alifikiri kulionyesha.

"Nilitaka kuona tukifunga," alisema.

Nohemí alikwangua tope lililokauka gotini.

"Akiamka utamwambia," alisema. "Wewe mwenyewe. Mimi nimechoka kusimulia habari za wanaume waliosema subiri kidogo."

Abel aliamka asubuhi ile, midomo imepasuka, sauti imebaki kama ya mzee. Muuguzi aliruhusu mtu mmoja aingie kwanza, na Nohemí akamsukuma Eliseo kwa kiganja mgongoni. Alimkuta mtoto amefunikwa shuka fupi, miguu imechungulia nje. Abel aliuliza kama Damián yuko salama. Eliseo akasema yuko salama. Akauliza kama walishinda. Akasema hapana.

Halafu akamwambia. Alisema mama yake alimwonyesha mapema, na kwamba yeye aliona kwa macho yake, na akasema wasubiri mmoja zaidi. Aliyasema akiwa amesimama, kwa sababu hakuona kama ana haki ya kukaa.

Abel aliyapokea akiwa anatazama dari. Chupa ya maji ya dawa ilidondosha matone yake kwenye mrija.

"Kama nisingegeuka," aliuliza, "kama ningejipanga sawasawa, ungesubiri na mwingine?"

Kila kitu ndani ya Eliseo kilitaka kusema hapana. Neno lenyewe lilikuwa fupi, lilikuwa jepesi, na mtoto alikuwa amelala pale akilihitaji.

"Sijui, mwanangu," alisema. "Sijui."

Abel alifumba macho. Eliseo hakujua kama analala au anamfukuza, akabaki amesimama. Nohemí aliingia, na tope lake, na ilionekana amesikia. Hakumwambia mumewe akae, hakumwambia atoke. Alivuta kiti kilichokuwa upande wa Eliseo, akakizungusha mpaka upande wa pili wa kitanda, akakaa, akamshika mwanawe mkono. Eliseo akabaki upande wake, na baada ya muda, kwa kuwa hakuna aliyemkataza, akaivuta shuka ile fupi taratibu, akamfunika mtoto miguu.